Kivuli Kilichokwanguliwa kwa Wembe

Kaka yangu alichora vivuli kwa miaka ishirini na sita, na karibu vyote vilikuwa vya uongo. Nasema hilo mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kumsifu ndugu yangu. Nampenda, tumenyonya ziwa moja. Lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtu wa "sawa, mkubwa", na mtu wa "sawa, mkubwa", hata awe na kipaji cha kutisha, anabaki kuwa kiti cha wengine kukalia.

Alikuwa mchora ramani katika ofisi ya msanifu majengo. Mimi nilikaa mapokezi katika ofisi hiyohiyo kwa miaka tisa, na yeye ndiye aliyenitafutia kazi ile, kwa hiyo sisimulii ya kuhadithiwa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kimoja kirefu chenye meza sita za kuchorea zilizoinamishwa, stuli ndefu, na mashine ya kutolea nakala iliyonuka kama choo cha stendi. Wenzake walimwita Rula. Walisema ni kwa sababu mistari yake ilinyooka. Mimi najua ni kwa sababu kila aliyemhitaji alimchukua, akamtumia, akamrudisha kwenye kopo.

Wengine mle ndani walichora kuta, mabomba na ngazi. Rula alichora jua. Jengo likishapangwa, yeye ndiye aliyepewa kulichora jinsi litakavyoonekana likiwa limesimama: wino mwepesi uliotiwa maji, kivuli chini ya kila dirisha, mti mmoja huku, gari moja kule, na mwanamke mmoja mwembamba mwenye mkoba akipita barabarani, ili mteja apate kujua ukubwa wa mlango. Sheria ya ofisi ilikuwa moja: jua linatoka juu kushoto. Jengo litazame mashariki, litazame kaskazini, liwe limebanwa kati ya maghala mawili, jua ni juu kushoto, na kivuli kinaangukia chini kulia, chembamba, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Wateja wakiziona picha zile walikuwa wanalainika. Nimewaona watu wazima wenye suti wakiinamia karatasi na kusema, "Tazama mwanga huo!" Mwanga gani? Ilikuwa sehemu ya karatasi ambayo kaka hakuigusa.

Mwenye ofisi tulimwita Bwana Mwanga, nyuma ya mgongo wake, kwa kuwa kila alipofungua mdomo lilitoka neno hilo. Mwanga ni uhai. Mwanga ni heshima kwa mwanadamu. Tusimnyime mwanadamu mwanga. Katika miaka tisa sikumwona hata siku moja akitembea kwa miguu kwenye mtaa aliouchorea jengo. Alishuka kutoka kwenye gari lenye vioo vyeusi, akaingia ofisini kwake ambako mapazia yalifungwa mchana kutwa, maana jua lilimuumiza kichwa, na humo gizani akawa anatufundisha habari za mwanga.

Kaka na mkewe walipanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, kwenye mtaa mwembamba wenye nyumba tano zilizobanana kama meno. Ng'ambo ya barabara palikuwa na uwanja wa kuuzia mbao, hauna ukuta wala paa la maana, kwa hiyo asubuhi jua liliingia moja kwa moja kupitia dirisha la mbele. Wifi yangu alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha hilo, na kuanzia saa moja mpaka saa sita alikuwa na mwanga wa kutosha kutofautisha uzi mweusi na uzi wa bluu iliyoiva. Mtu asiyeshona anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Wifi alikuwa akisema fundi anayeshonea taa ya umeme anashona kwa kubahatisha, na alisema hivyo huku amebetua mdomo, kwa sababu mafundi wengi wa mtaa ule walishonea taa na yeye hakuwahesabu kuwa mafundi.

Basi ule uwanja wa mbao ukauzwa. Na kazi ya kuchora jengo la ghorofa kumi na nne litakalosimama pale ikaja kwenye ofisi yetu.

Kaka aliletewa ramani ya kiwanja aikamilishe kwa ajili ya halmashauri. Ramani hiyo inachorwa kama mtu anayetazama kutoka angani: jengo jipya katikati, barabara, na nyumba za jirani. Nyumba za jirani haziwekwi madirisha wala milango. Ni visanduku vitupu. Kaka alichora visanduku vitano, cha tatu kikiwa nyumba anayolala yeye na mkewe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaacha jua la juu kushoto. Alikokotoa urefu wa jengo, akakokotoa jua la saa tatu asubuhi, akaweka kivuli kilipostahili kuwa. Kilitoka kwenye jengo, kikavuka barabara, kikavimeza visanduku vyote vitano.

Nilikuwa nimepeleka barua wakati Bwana Mwanga anaiona. Aliitazama kwa muda, miwani yake isiyo na fremu ikiwa imeteremka puani.

"Hiki nini?"

"Kivuli, mkubwa."

"Naona ni kivuli. Mbona kimefika huku?"

"Ndivyo kitakavyokuwa saa tatu. Nimekipima."

"Nani alikutuma upime?"

Kaka akafunika kalamu yake ya wino.

"Kikate kwenye mpaka wa kiwanja."

"Mkubwa, kivuli hakikatiki."

"Nje hakikatiki," akasema Bwana Mwanga, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Kwenye karatasi kinakatika. Na halmashauri inapitisha karatasi."

Akaondoka. Wino ukishakaukia kwenye ile karatasi nyembamba ya kuchorea haufutiki kwa raba. Unakwanguliwa kwa wembe, pole pole, usije ukaitoboa. Kaka akachukua wembe. Nilisimama na barua zangu mkononi nikamtazama akikikwangua kivuli juu ya nyumba ya kwanza, ya pili, yake, ya nne, ya tano. Alikuwa fundi sana wa kukwangua. Alipomaliza akapuliza vumbi la wino, na ng'ambo ya barabara pakawa peupe kabisa. Karani wa mipango miji aliigonga muhuri ndani ya wiki mbili. Sidhani kama aliitazama hata kwa muda wa kumeza mate.

Jioni ile tukishuka ngazi nikamuuliza, "Kaka, ile nyumba ya tatu si yenu?"

"Ni yetu."

"Na wifi utamwambia nini?"

"Huenda hata lisijengwe, dada. Mangapi tumechora hayakujengwa?"

Hilo ndilo alilokuwa nalo la kusema. Nami sikumwambia wifi. Nilikuwa na kazi yangu ya kulinda, kwa hiyo ninapomdharau kaka kwa siku ile najua vizuri ninayemdharau.

Likajengwa. Lilipanda ghorofa baada ya ghorofa kwa miaka miwili na nusu, na wifi alipoteza asubuhi yake kipande kipande. Mwanzo jua lilichelewa mpaka saa mbili. Kisha saa tatu. Walipofika ghorofa ya kumi lilikuwa linaingia saa nne na nusu. Walipomaliza, likaingia saa tano na robo na kutoka kabla ya saa sita, dakika arobaini tu kwa siku, na mchana jengo likawarudishia jua la mitumba: linagonga vioo vya juu vya ng'ambo, linarudi kwao kali na jeupe, linachoma macho, mpaka kila mtu anafunga pazia. Wifi akaanza kuwasha taa saa mbili asubuhi. Wiki moja baadaye mteja alimrudishia suti ya bluu iliyoiva, imeshonwa mikono yote miwili kwa uzi mweusi. Aliifumua mshono kwa mshono. Katika miaka kumi na saba ya kazi hakuwahi kurudishiwa nguo.

Aligundua kwa njia ya kipuuzi kabisa. Wenye jengo waliweka bango kubwa mbele ya lango kutangaza ofisi za kupangisha, na kwenye bango picha ya jengo aliyoichora kaka, na visanduku vya nyumba za jirani pembeni, ikiwa imekuzwa mpaka urefu wa basi. Wifi alikuwa anatoka dukani. Akasimama. Alimwona mwanamke mwembamba mwenye mkoba akipita barabarani chini ya jengo, jua limemwangaza bega la kushoto, kivuli chake kimejilaza kwa adabu nyuma yake. Kaka alikuwa akimchora mwanamke yule kwenye kila picha tangu wachumbiane. Mkoba ulikuwa wa wifi, mwendo ulikuwa wa wifi, hata namna ya kuinua kidevu.

Nilikuwa kwao siku hiyo, Jumamosi. Kaka alikuwa anasoma gazeti. Wifi aliingia akaweka vitu mezani.

"Nimejiona barabarani," akasema. "Naota jua."

Kaka akashusha gazeti.

"Na hii nyumba nimeiona. Sanduku. Halina dirisha. Kumbe ndiyo maana hatuoni."

"Mke wangu, mimi ni mchoraji tu. Sikuamua mimi."

"Kivuli ulikiona? Wewe unayejua mambo hayo, ulikijua?"

Angeweza kudanganya. Kwa heshima yake, hakudanganya. Alieleza yote, pamoja na wembe. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, akampandisha na kumshusha kwa macho kana kwamba anampima nguo asiyokusudia kuishona.

"Usijiite mchoraji," akasema. "Wewe ni mfutaji."

Kisha akasonya, msonyo mrefu ambao mpaka leo sijausahau, akarudi kwenye cherehani. Kwa siku kumi na moja hakumsemesha ila kupitia kwangu. "Wifi, mwambie kaka yako chakula kipo." Kaka akiwa hapohapo, anaangalia sahani.

Neno lile lilimwingia kuliko nilivyodhani. Siku ya kumi na mbili, kabla ya kwenda kazini, alitoa stuli barabarani, akakaa ameegemea ukuta wa nyumba yao, akageuza ramani kuukuu upande mweupe, akaanza kuchora kilichokuwa mbele yake. Majirani walidhani amechanganyikiwa. Wengine walimhurumia wifi.

Michoro ya wiki za kwanza ilikuwa mibaya. Mkono ulizoea kudanganya. Aliweka kivuli chembamba cha pembeni, kama cha ofisini, akaona hakifanani na kitu, akachana. Ilimbidi, mzee mzima wa miaka hamsini na moja, ajifunze upya kutazama. Aliniambia baadaye kwamba miaka yote ile alikuwa akidhani kivuli ni cheusi na kina ukingo. Akakaa chini ya kivuli halisi, akakuta kwanza si cheusi. Cha asubuhi kina ubuluu, na chini ya mabaraza kinageuka kahawia kwa sababu ya vumbi. Ukingo wake haukatiki, unayeyuka. Na hakilali tu chini. Kinapanda ukutani, kinajikunja kwenye ngazi, kinaingia dirishani na kukaa mezani na watu.

Siku za mapumziko, alipokaa mpaka mchana, akaona pia mtaa wake unavyoishi na kile kitu. Kati ya jengo jipya na jengo la pembeni yake palibaki mwanya, na saa mbili na nusu asubuhi mwale mmoja wa jua, upana wa mlango, ulipenya hapo ukaanza kutembea juu ya kuta za zile nyumba tano. Wanawake waliufukuza kwa nguo mbichi. Mwenye godoro la mtoto aliyekojoa alitoka nalo mbio. Mzee mmoja wa nyumba ya nne, tuliyemwita Mzee wa Redio kwa kuwa haachani nayo, alihamisha kiti chake kila baada ya dakika chache, baraza moja hadi jingine, mpaka mwale unapoishia kwenye ukuta wa choo, naye akaishia hapo akisikiliza taarifa ya habari. Kaka alimchora mara tisa. Hakuna mchoro aliopamba. Miti aliyokuwa akiipanda kwenye picha za ofisini hakuiweka, kwa sababu mtaani hapakuwa na mti.

Wifi alianza kumsemesha habari za michoro karibu na mchoro wa ishirini. Alikuja nyuma yake akatazama, akasema, "Hapa umekuwa mkweli," akarudi ndani. Kaka alinisimulia hayo zaidi ya mara nne, kila mara kama habari mpya.

Mimi ndiye niliyemshauri apeleke michoro kwenye nyumba ya sanaa, na ushauri huo najuta. Mama mwenye nyumba ile alikuwa na kuta nne za picha za machweo. Machweo mekundu, machweo ya dhahabu, machweo yenye ndege. Aliifunua michoro ya kaka kwa ncha za vidole.

"Mkono ni mzuri," akasema. "Lakini inanikaba. Wateja wangu wanataka kitu cha kuwapa nafasi wapumue."

"Hata sisi," kaka akajibu.

Yule mama alicheka akidhani ni utani. Ila hakunyamaza, alimtajia habari zile Bwana Mwanga kwenye sherehe moja ya watu wao, na wiki iliyofuata Bwana Mwanga alisimama kwenye meza ya kaka, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida.

"Rula, kumbe una siri! Nionyeshe."

Akaiangalia michoro kwa muda ule ambao mtu anatafuta ufunguo mfukoni. Akasema ni kazi nzito. Akasema giza kama lile ndilo linaloupa mwanga maana. Akasema lile jengo letu la ghorofa kumi na nne linatimiza miaka mitano, wenyewe wanataka maonyesho kwenye ukumbi wa kuingilia, na nani bora kuliko msanii wa nyumbani? Hakuutambua mtaa. Jengo lake mwenyewe lilikuwa kwenye kila karatasi, na hakulitambua, kwa kuwa hakuwahi kulitazama kutoka chini.

"Sawa, mkubwa," kaka akasema.

Nilitaka kumtupia kikombe. Nilimfuata ngazini.

"Umerudi kujikomba?"

"Subiri, dada."

"Nisubiri nini? Watakunywa juisi mbele ya msiba wako!"

"Nimeomba ukuta ule mkubwa unaotazama mlango," akasema. "Wamenipa. Subiri."

Alichora kwa miezi mitatu. Ilikuwa ile ile ramani ya kiwanja, mita tatu kwa mbili, lakini safari hii kivuli kilikuwemo, chote, saa kwa saa. Alipitisha wino mwepesi wa kila saa juu ya mwingine, kiasi kwamba pale kivuli kinapokaa muda mrefu zaidi pakawa peusi zaidi. Na zile nyumba tano hazikuwa visanduku. Alizipa madirisha, na kwenye kila dirisha akaandika maneno machache kwa mwandiko wake wa ramani. *Cherehani. Taa saa mbili asubuhi. Mzee. Hufuata jua kwa kiti. Jua ndani saa tano na nusu. Mtoto anajifunza kusoma, taa mezani. Dirisha hili halifunguliwi tena.*

Maonyesho yalifunguliwa saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa. Mimi niliwekwa mlangoni na orodha ya wageni. Walikuja wanaokuja siku zote: wasanifu wenye mashati meusi, mama wa nyumba ya sanaa, wapangaji wa ofisi za juu, na watu wa halmashauri, akiwemo yule karani wa mipango miji. Walisimama mbele ya mchoro mkubwa na kurudi nyuma hatua mbili, kama watu wa aina ile wanavyofanya, wakakunja mikono. Mmoja alisema anaona mawimbi. Mwingine akasema hapana, ni upweke. Kijana mmoja wa shati jeusi alieleza kwa muda mrefu habari ya mazungumzo kati ya wima na ulalo, na wenzake walitikisa vichwa. Maneno kwenye madirisha yalikuwa makubwa ya kutosha kusomeka ukiwa umesimama hatua moja mbele. Hakuna aliyepiga hatua hiyo.

Saa nne na nusu akaja wifi. Alikuwa amevaa gauni lake la kazi, sindano mbili zimechomekwa kifuani, na nyuma yake walikuwa majirani kumi na mmoja, Mzee wa Redio akiwa mbele na redio yake. Mlinzi akawazuia, akanigeukia.

"Hawa wamo kwenye orodha?"

Nikatazama karatasi yangu. Hawakuwemo.

"Wamo," nikasema. "Wameandikwa ukutani."

Wakaingia. Hawakurudi nyuma hatua mbili. Walikwenda mpaka pua zikakaribia kugusa karatasi, wakaanza kutafuta madirisha yao kwa vidole, kwa sauti, kama watu wanaotafuta majina kwenye matokeo ya mtihani.

"Huyu mimi!"

"Kwako hapa. Na hapa kwa mama pacha."

"Hapa umekosea," akasema Mzee wa Redio, na ukumbi mzima ukasikia. "Umeandika kwangu jua linaingia saa tano na nusu. Linaingia saa tano na dakika ishirini. Mimi ndiye ninayelisubiri, wewe unapita tu."

Kaka alitoa penseli nyuma ya sikio. Mbele ya wageni wote, kwenye mchoro wa miezi mitatu, akapiga mstari na kurekebisha.

"Saa tano na ishirini," akasema. "Samahani, mzee."

Wale wa mashati meusi walicheka kwa upole, wakidhani ni sehemu ya shughuli. Bwana Mwanga hakucheka. Yeye si mjinga, sikuwahi kumdharau kwa ujinga. Alikuwa amesogea hatua moja mbele.

Lakini kipaza sauti kilikuwa tayari na hotuba ilikuwa mfukoni, kwa hiyo akahutubu. Alisema kuhusu mwanga. Alisema jengo ni zawadi kwa mtaa. Kisha, kwa kuwa ratiba ilisema hivyo na watu walikuwa wanatazama, akampa kaka kipaza sauti.

Kaka hakuwa mtu wa kuhutubu. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Kivuli hiki nilikikwangua kwa wembe," akasema. "Niliambiwa kiishie kwenye mpaka wa kiwanja, nikakiishiliza hapo, mkaletewa karatasi, mkaigonga muhuri. Nyumba ya tatu ni yangu. Nimeona aibu miaka mingi. Sasa ni saa tano kasoro. Anayetaka kuona mchoro wa kweli avuke barabara, akasimame pale. Ni hatua ishirini."

Akarudisha kipaza sauti. Wageni wakapiga makofi. Naapa, walipiga makofi, na mama wa nyumba ya sanaa alipangusa jicho. Hakuna aliyevuka barabara. Mmoja wa wapangaji alimwendea kaka kuuliza kama anaweza kupata mchoro kama ule kwa saizi ndogo, wa kuweka juu ya kochi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweka glasi chini: karani wa mipango miji. Alisoma dirisha moja, akasoma la pili, akatafuta mlango, akapita mbele yangu bila kuaga. Nilimwona kupitia kioo. Alipofika nje hakuvuka, alipanda gari lake lililoegeshwa upande wa jua.

Jumatatu mchoro haukuwa ukutani. Wafagizi walikuwa wameuvingirisha wakauweka stoo, na kaka alienda kuuchukua mwenyewe. Jumanne aliambiwa, kwa adabu sana, kwamba meza yake inahitajika kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta ililetwa kweli, na inajua jua la saa yoyote, siku yoyote, mahali popote duniani. Niliuliza wale vijana inakokotoaje vivuli vya jirani. Wakaniambia hicho kipengele wanakizima. Mimi nilibaki miezi minne zaidi, nisijifanye shujaa, ndipo nikaacha.

Hakuna kilichobadilika mtaani kwao. Jengo halikupungua hata tofali. Wifi alitafuta chumba cha kazi mtaa wa nyuma, ghorofa ya juu kabisa, akawa anapanda ngazi za ghorofa sita za jengo la watu wengine ili akaone rangi ya uzi. Ila habari za mchoro zilisambaa kwa njia yake, kupitia wateja wake, si kupitia wale wa juisi. Watu wa mtaa mwingine, waliosikia kwamba ghorofa kumi na mbili zinakuja mbele yao, walimfuata kaka. Wakataka kivuli chao kichorwe kabla hakijafika. Alikwenda na stuli yake, akakaa huko wiki tatu, akaandika watu dirisha kwa dirisha. Waliubeba mchoro huo halmashauri, wakautandaza mezani na kukataa kuondoka. Jengo likashushwa hadi ghorofa nane.

Nilimpongeza. Akanitazama kama nimempongeza kwa kupona mafua.

"Ghorofa nne, dada. Nimekwangua majengo mazima."

Amefanya hivyo mara saba mpaka sasa. Tano ameshindwa. Michoro ile, hata ya kushindwa, ndiyo kazi bora ya maisha yake, na sijali nyumba ya sanaa inasemaje. Kuna mmoja wa ngazi za hospitali, saa tisa alasiri, wagonjwa wamejipanga kwenye ukanda wa kivuli cha nguzo moja, kila mmoja nyuma ya mwenzake, unene wa nguzo ndio unene wa foleni. Ukiutazama unasikia joto. Watu wanaokuja kumwomba awachoree machweo ya sebuleni anawaelekeza kwa yule mama mwenye kuta nne.

Bwana Mwanga amestaafu. Tunasikia anaishi nje ya mji, kwenye nyumba iliyozungukwa na miti, kivuli kila upande. Kila mwisho wa mwaka ofisi yake ya zamani huwatumia wafanyakazi wa zamani kalenda ya majengo waliyojenga, kurasa kumi na mbili, kila jengo limewaka kwa jua la juu kushoto. Kaka hata haifungui. Wifi ndiye anayeipokea mlangoni, anaipima unene kati ya kidole gumba na cha shahada, na kuridhika. Anasema karatasi yake ni ngumu, haijikunji, haipatikani madukani. Anaikata kuwa vipimo vya kukatia kola za mashati.